Kulitazama Jengo na Kulisoma

Mtu akitaka kulisifu jengo katika nchi zetu, mara nyingi husema maneno mawili tu: ni refu, au linang'aa. Akiona picha ya mji wa mbali katika kalenda, huzihesabu ghorofa, kisha husema, "Wenzetu wameendelea." Nasi hatumlaumu, kwani macho hupenda kitu kirefu kama masikio yapendavyo ngoma kubwa. Lakini kwa muda wa miaka kadhaa tumekuwa tukisoma vitabu vya wasanifu wa majengo, yaani wale wachorao nyumba kabla ya waashi kuijenga, na twaona ya kuwa walio bora miongoni mwao hawaulizani sana habari za urefu. Huulizana: jengo hili limejengwa kwa kitu gani, chini ya jua gani, na ni nani atakayekaa ndani yake? Habari hizi twapenda kuwapa wasomaji wetu, maana katika vijiji vingi watu wanachanga fedha kwa ajili ya shule na makanisa, na fedha ikisha kugeuka ukuta hairudi tena mfukoni.

Sisi walimu twajua jambo ambalo kamati za ujenzi hazilijui. Kamati huja kulitazama jengo asubuhi, nasi twakaa ndani yake saa nane mchana. Chumba cha matofali ya simenti, bati limelazwa juu ya ukuta pasipo dari, madirisha mawili madogo upande mmoja: kwa nje ni fahari ya kijiji, kwa ndani ni tanuri. Watoto husinzia, nao huitwa wavivu. Mvua ikianza kunyesha, kalamu huwekwa chini, kwa kuwa sauti ya mwalimu haisikiki hata na mtoto wa safu ya mbele. Na ng'ambo ya uwanja i nyumba ya mzee mmoja, ya miti na udongo na nyasi nene, nayo ina baridi nzuri mchana kutwa. Ila kijana aliyesoma huona haya kumkaribisha mgeni humo.

Haya hiyo si yetu peke yetu. Katika nchi ya Burkina Faso kuna kijiji kiitwacho Gando, na mwaka 1965 alizaliwa huko mtoto wa mkuu wa kijiji, jina lake Diébédo Francis Kéré. Kijiji hakikuwa na shule, kwa hiyo alipokuwa na umri wa miaka saba alipelekwa mbali na wazazi wake apate kusoma. Kila alipokuja likizo na kutaka kuondoka tena, akina mama wa kijiji walimpa senti zao za mwisho. Na alipomwuliza mama yake sababu, aliambiwa ya kuwa wote wanachangia masomo yake, ili siku moja arudi akisaidie kijiji. Akajifunza useremala, akapata nafasi ya kwenda Ujerumani, na huko Berlin akaingia chuo kikuu kujifunza usanifu wa majengo. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, aliunda chama pamoja na rafiki zake cha kukusanya fedha za kuijengea Gando shule.

Alipowaeleza wazee ya kuwa shule itajengwa kwa udongo, walishangaa na kusikitika. Je, hii ndiyo elimu aliyokwenda kuitafuta Ulaya miaka yote hiyo? Udongo walikuwa nao, na kila masika waliuona ukiporomoka. Twapenda wasomaji wetu wasipite upesi hapa, kwani wazee wale hawakuwa wajinga. Walisema kweli waliyoiona kwa macho yao: ukuta wa udongo usio na msingi mzuri na upenu mpana hauishi. Kéré hakubishana nao kwa maneno. Alijenga tao la kujaribia, watu wakapanda juu yake, nalo halikuanguka.

Ndipo kazi ikaanza. Watoto walibeba mawe ya msingi. Udongo ulichanganywa na simenti kidogo, ukashindiliwa kwa mashini ya mkono ukawa matofali yasiyohitaji kuchomwa. Akina mama waliipigilia sakafu kwa siku nyingi kama walivyozoea kupigilia sakafu za nyumba zao, kisha wakaisugua kwa mawe mpaka ikawa laini. Lakini busara kubwa i katika paa. Kéré hakuyakataa mabati, kwani hakuna kitu kizuizicho mvua kwa bei nafuu kama bati. Aliliinua tu. Juu ya kuta aliweka dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa. Juu ya dari akasimamisha kenchi nyembamba za nondo, zile zile tunazozitia ndani ya zege. Na juu ya kenchi hizo akalaza mabati yaliyotokeza mbali nje ya ukuta. Basi jua hulichoma bati, lakini upepo hupita kati ya bati na dari na kulichukua joto lile kabla halijashuka. Hewa ya moto iliyomo darasani hupanda na kutokea katika nafasi za dari. Upenu nao huzuia mvua isiupige ukuta, na hivi ndivyo hofu ya wazee ilivyopata jibu. Wala si hivyo tu: mashini za kuinulia vyuma vizito hazikuweza kufika kule, kwa hiyo alichagua vyuma vyembamba ambavyo watu waweza kuvibeba, akawafundisha vijana kuvikata kwa msumeno wa mkono na kuviunganisha kwa mashini ndogo.

Shule hiyo ilimalizika mwaka 2001. Ilikuwa na madarasa matatu tu, nayo ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2004. Vijiji viwili vya jirani vilipoona, vikajenga shule zao kwa ushirikiano wa namna ile ile. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu huihesabu kuwa heshima kubwa kupita zote, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuipata. Twapenda zaidi habari ya maktaba aliyoichorea Gando baadaye: vyungu vilivyofinyangwa na akina mama vilikatwa juu na chini, vikapangwa katika dari kabla ya kumwaga zege, na matundu yake yakawa njia za mwanga na za hewa.

Asije mtu akadhani ya kuwa tunasema kila kitu cha mbali ni kibaya. Sulemani mwenyewe aliagiza mierezi kutoka Lebanoni. Wala asidhani ya kuwa kujenga kwa udongo kwatosha kuleta mafanikio. Kwa hilo yafaa kusoma habari za Hassan Fathy wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1989. Wakati wa vita kuu ya pili mbao zilikuwa adimu na ghali katika nchi yake, naye akatafuta namna ya kuezeka pasipo mbao. Aliiona kwa Wanubi karibu na Aswan: mafundi wao walijenga paa la mviringo kwa matofali mabichi bila kulitegemeza kwa mti wo wote, kila safu ikiegemea kidogo juu ya safu iliyotangulia, na safu ya kwanza ikiegemea ukuta wa mwisho wa chumba. Baadaye serikali ya Misri ilitaka kuwahamisha watu wa Gourna, karibu na Luxor, ambao nyumba zao zilikuwa juu ya makaburi ya wakuu wa kale, na wengi walipata riziki kwa kufukua vitu vya makaburi hayo na kuviuza. Fathy akapewa kazi ya kuwajengea kijiji kipya, akaianza katika miaka ya 1940. Alijenga msikiti, na soko, na shule, na nyumba zenye kuba na nyua za ndani, vitu vizuri mno kuvitazama. Watu wakakataa kuhama. Kazi ikakoma kabla haijaisha, na nyumba nyingi katika zile zilizojengwa zimekwisha kuharibika au kubomolewa, ingawa msikiti ungaliko.

Lakini Fathy aliandika kitabu. Kilitokea Cairo mwaka 1969, na mwaka 1973 kikapigwa chapa tena huko Chicago kwa jina la *Architecture for the Poor*, nacho kikasomwa na vijana wa dunia nzima waliochoka na zege. Hivyo kijiji kilishindwa, na kitabu kikasafiri. Kwa maoni yetu msomaji na azitazame Gando na Gourna pamoja. Udongo ni ule ule, na nia njema ni ile ile. Fathy aliwapenda watu wake, na alijitahidi kuijua haja ya kila jamaa, lakini watu wale hawakuomba kijiji; waliamriwa kuhama, na riziki yao ilibaki mlimani. Watu wa Gando walikuwa wanakihitaji kitu kile tangu siku walipotoa senti zao.

Tena kuna watu ambao kitabu chao chasema jambo moja na jengo lao jingine. Le Corbusier alitoa kitabu *Vers une architecture* mwaka 1923, akayasifu sana mambo ya mashini, meli na ndege na magari, na wengi waliomfuata walijenga masanduku meupe katika kila nchi, pasipo kuuliza habari za jua. Lakini huko Ronchamp, Ufaransa, juu ya kilima, kanisa dogo lilibomolewa na vita mwaka 1944, naye akaombwa kujenga jipya. Lilimalizika mwaka 1955, wala halina sura ya mashini hata kidogo. Kuta zake zimepinda, na ndani yake yamo mawe ya kanisa lililobomolewa. Paa lilitokana na gamba la kaa aliloliokota pwani ya Marekani. Kati ya paa na ukuta ameacha ufa mwembamba, hata mwenye kusali huona mstari wa mwanga chini ya paa lile zito. Maji ya mvua yote hukusanyika upande wa nyuma na kumwagika kwa mdomo mmoja katika birika. Asomaye kile kitabu peke yake hawezi kulikisia kanisa hili.

Basi, msomaji akipata kitabu cha majengo asitosheke na picha. Picha hupigwa wakati mwanga ni mzuri na watu hawapo. Autafute mchoro ule ambao nyumba imekatwa katikati kama papai, ukaonyesha ndani yake toka msingi hata paa. Katika mchoro huo ndimo zionekanapo njia za upepo, na kimo cha dari, na mahali jua linapoingia. Kamati yo yote inaweza kumwomba fundi wake mchoro wa namna hiyo, walao kwa kalamu ya risasi, na kumwuliza: hewa ya moto itatokea wapi?

Wenzetu wa Kenya wana jibu moja karibu. Kando ya Ziwa Turkana, ambako joto ni kali sana, Kéré alijenga chuo kinachoitwa Startup Lions Campus, kilichomalizika mwaka 2021, ambako vijana hujifunza kazi za kompyuta. Kompyuta huharibika kwa joto, kama vile akili za watoto zisinziavyo. Juu ya chuo imesimama minara mirefu, nayo imeigwa kwa vichuguu vya mchwa vilivyo katika nchi ile. Hewa ya moto hupanda katika minara ikatoka juu, na hewa ya baridi zaidi huingia kwa matundu ya chini. Kuta ni za mawe yaliyochimbwa huko huko.