Tulihama Chuo, Swali Likatufuata



Katika darasa letu la falsafa tuko wawili tuliopitia chuo kikuu kabla ya kuingia seminari. Hatukufahamiana huko nyuma, ila historia zetu zinafanana: sote tulihama chuo na sote tulibadili kozi. Mmoja alitoka uhandisi akaenda ualimu; mwingine aliacha uhasibu akaingia maendeleo ya jamii.

Nyumbani tulisema kozi za mwanzo hazikuwa na ajira. Ukweli ni kwamba tulikuwa na sapu za hisabati na tuliogopa kurudishwa nyumbani.

Kuhama kulitugharimu. Chuo kipya kililinganisha masomo tuliyokwisha kufaulu na ya kwao, kikapokea machache tu, tukaanza tena pamoja na wadogo zetu. Bumu nalo lilichelewa. Baba wa mmoja wetu aliuza ng'ombe ili ada ipatikane. Hakulalamika, aliuliza tu: "Mwanangu, huko unakokwenda utafika?"

Swali hilo limetufuata hadi seminari. Mwaka wa kwanza Padre mlezi alitutazama akasema: "Huku mmeitwa, au mmehama tena?" Tuliumia, na kwa siku kadhaa tulimkwepa.

Baadaye tulielewa kwamba Kanisa lenyewe huuliza hivyo. Kanuni ya 241 ya Sheria za Kanisa inadai kwamba aliyeachishwa katika seminari au shirika jingine, akiomba kupokelewa, upatikane ushuhuda wa mkuu wake wa zamani, hasa kuhusu sababu ya kuachishwa au kuondoka kwake. Mlango haufungwi, ila sababu lazima ijulikane.

Tulifarijika pia tuliposoma maisha ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola. Mwaka 1524, akiwa amepita miaka thelathini, alianza kujifunza Kilatini Barcelona. Akaenda Alcalá, kisha Salamanca, na mwaka 1528 akafika Paris. Huko aliona kwamba alikuwa amesoma kwa haraka mno bila msingi, akarudi kukaa na watoto kwenye darasa la Kilatini. Ni Paris hiyohiyo alikokutana na Petro Faber na Fransisko Ksaveri. Naye alihama, tena zaidi ya mara moja. Lakini alipogundua udhaifu wake aliukubali na kurudi nyuma, wakati sisi tulihama ili udhaifu wetu usionekane.

Kwa hiyo likizo iliyopita tulikubaliana kila mmoja aseme kweli nyumbani kwao. Yule ambaye baba yake aliuza ng'ombe alimkuta mzee zizini, akamwambia: "Baba, niliacha uhandisi kwa sababu nilishindwa hesabu." Mzee aliendelea na kazi yake, kisha akajibu: "Nilijua zamani. Nilikuwa nakusubiri uniambie."

Kijana unayefikiria kuhama chuo au kubadili kozi, hatukukatazi. Uliza mapema masomo gani yatapokelewa na mkopo wako utakuwaje. Kisha andika sababu yako kwenye karatasi. Kama huwezi kumsomea mzazi wako au paroko wako, subiri kwanza.

Sisi bado hatujui kama tutafika altareni. Jumatatu iliyopita tulimwendea Padre mlezi, tukamweleza yote. Tuombeeni.