Haba na Haba ya Dada Yangu

Mwaka 2019 dada yangu alinipigia simu kutoka Illinois, Marekani, kunieleza kwamba amejiandikisha kusomea elimu katika chuo cha jamii. Nilimwuliza atatoka na nini. Akajibu, "Shahada ya miaka miwili, mdogo wangu." Nilicheka. Nikamwambia kwamba mtu aliyekwisha kuwa mwalimu wa Daraja la A, aliyefundisha darasa la kwanza mjini Morogoro kwa miaka minane, hana sababu ya kurudi dawatini pamoja na vijana. Alinyamaza kidogo, kisha akaniaga.

Kicheko kile kinanisuta hata leo.

Wakati ule sikuvijua vyuo hivyo. Kile cha umma kilicho kikongwe kuliko vyote kilianzishwa mwaka 1901 mjini Joliet, katika jimbo hilo hilo la Illinois. Humpokea kijana aliyemaliza sekondari, mama wa watoto na mfanyakazi wa zamu, kwa ada iliyo ndogo kuliko ya chuo kikuu. Masomo huhesabiwa kwa krediti: somo moja aghalabu lina krediti 3, na shahada hiyo huhitaji kama 60. Mwenye nafasi humaliza kwa miaka miwili. Asiye nayo huchukua somo moja moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Dada hakuwa na nafasi. Usiku alifanya usafi katika nyumba ya kutunzia wazee, asubuhi alilala, jioni akaenda darasani kusoma makuzi ya mtoto, hisabati na uandishi wa Kiingereza. Siku nyingine alikaa nyuma ya darasa la shule ya msingi, daftari mkononi, akimtazama mwalimu akifundisha. Yeye, aliyezoea kufundisha watoto themanini peke yake! "Sikuona haya," aliniambia baadaye. "Pale nilijifunza kumtazama mtoto mmoja mmoja."

Shahada hiyo peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu kamili. Leseni ya kufundisha shule za umma hudai shahada ya miaka minne, na mhitimu anapohamia chuo kikuu, krediti zisipopokewa zote, sehemu ya jasho lake hupotea. Lakini mlango mmoja humfungukia mara moja: humtosha kuajiriwa kuwa msaidizi wa mwalimu, hata katika shule zipatazo fedha za serikali kuu kwa ajili ya watoto wa maskini.

Alihitimu mwaka 2023, baada ya miaka minne, akapata kazi hiyo. Nilipompelekea mama habari, aliuliza neno moja tu: "Amerudi kwa watoto?" Nikaitikia. Akamshukuru Mungu.

Jioni ile niliitazama stashahada yangu ya uandishi wa habari, niliyoitundika ukutani ndani ya fremu. Nayo ni ya miaka miwili. Nilimpigia dada simu kumwomba radhi. "Nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Mtu hasomi na kinyongo."

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko mtu mzima aliyefungua daftari upya, usimwulize uzito wa cheti chake. Mwulize mtihani wake ni lini, kisha umpokee kazi moja ya nyumbani.