Maji ya Songea hayafiki 100

Bado niko BTP hapa Songea, nafundisha Fizikia. Juzi maabara tulichemsha maji, kipimajoto kikagomea nyuzi 96. Darasa zima likaandika 100 kama kitabu. Binti mmoja tu akaandika 96. Wenzake wakamcheka, eti kipimajoto kibovu.

Kibovu wapi jamani? Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kila mita 300 hivi, mgandamizo wa hewa unapungua na maji yanachemka nyuzi 1 chini. Hiyo 100 ni ya Dar, pwani.

Tiki kapata yeye peke yake. Ila kaniuliza: mtihani wa taifa aandike nini? Nimemwambia aandike alichopima, aeleze na sababu. Nyie mngemjibuje?