Kipunguza fokasi, Kilimia na macho ya Baba

Najua nimepotea. Kazi ya kuandika programu imenibana, na saa chache zinazobaki zinamezwa na ule ugonjwa wangu wa kupiga picha za nyota. Leo nataka kuwasimulia kifaa kimoja kidogo kilichonitesa likizo nzima ya Desemba. Msiopenda hesabu nivumilieni, si nyingi.

Darubini yangu ni ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 102 na umbali wa fokasi wa milimita 714. Gawanya, utapata 7, ndiyo maana huitwa f/7. Kwa mwezi na sayari haina neno. Lakini nikiifunga kamera yangu ya Canon ya mtumba, ambayo sensa yake ni milimita 22.3 kwa 14.9, picha inafunika nyuzi 1.8 kwa 1.2 tu za anga. Kilimia, pamoja na ule ukungu wa buluu unaozizunguka nyota zake, kinataka karibu nyuzi 2. Yaani kila nikipiga, nakikata kando.

Nami nilikitaka kizima. Baba ni mkulima kule Kinango, na Kilimia ndiyo kalenda yake ya kwanza. Jina lenyewe latokana na kulima. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua," alikuwa akituambia uani, kisha anatuuliza tunaona nyota ngapi. Sisi sita, yeye saba. Miaka miwili iliyopita daktari alimkuta na presha ya macho. Ugonjwa huu hula uwezo wa kuona polepole, mara nyingi kuanzia pembeni, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone anayotiwa ni ya kuzuia usiendelee, basi. Mwezi wa kumi alinipigia simu akasema, "Kilimia sikioni tena, mwanangu." Nikaamua kumpelekea.

Ndipo nikanunua kipunguza fokasi cha 0.8. Ni lenzi zinazokaa kati ya darubini na kamera, zinaukunja mwanga ukutane mapema zaidi. 714 mara 0.8 ni 571. Darubini ya f/7 ikawa f/5.6, na picha ikapanuka hadi nyuzi 2.2 kwa 1.5.

Kuna watu watakuambia kifaa hiki kinaongeza nuru. Si kweli. Mdomo wa darubini ni ule ule wa milimita 102, na nuru ya Kilimia inayoingia ni ile ile. Kinachobadilika ni kwamba taswira inakuwa ndogo, kwa hiyo nuru ile inaangukia pikseli chache zaidi. Kila pikseli inapata mara 1.56 ya ilivyokuwa ikipata. Dakika 70 zinafanya kazi ya takriban dakika 110. Unachotoa ni udogo wa vitu unavyoweza kuvitenganisha. Wenzangu wa programu mnaijua biashara hii: hupati kasi bila kutoa kitu.

Kwetu kuna faida nyingine. Kinango iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga, ambayo mhimili wa mashine inayozungusha darubini lazima uielekee, iko nyuzi 4 tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya mikorosho ya jirani. Skrubu ya mashine yangu inagoma kushuka chini ya nyuzi 15. Ilinibidi niweke vipande vya mbao chini ya mguu mmoja ili yote iinamie upande. Ukipima namna hiyo, kosa halikosi. Picha pana, za muda mfupi, zinalisamehe.

Usiku wa kwanza nikapiga. Katikati nyota zilikuwa vitone safi. Pembeni zilikuwa na mikia kama alama za mkato. Nikalaumu mbao. Usiku wa pili nikapanga mashine upya hadi saa saba, nikapiga, mikia ile ile. Baba alikuwa hana usingizi, akatoka na fimbo yake. Nikamwonyesha kwenye tarakilishi. Akasogeza uso karibu, akageuza kichwa taratibu huku na huku.

"Hapa kati pazuri," akasema. "Huku kando ndiko kumeharibika. Ndivyo ninavyoona mimi."

Nikanyamaza. Kisha nikaona ujinga wangu. Kama mashine ingekuwa imekosea njia, nyota zote zingevutika upande mmoja, za kati na za kando. Katikati ni safi, basi mdudu yuko kwenye lenzi, si kwenye mbao. Kipunguza fokasi changu kinataka milimita 55 kamili kutoka nyuma yake hadi kwenye sensa. Mwili wa Canon ni 44, ringi ya kuungia ni 11, jumla 55. Nami nilikuwa nimesahau hapo ringi ya zamani ya milimita 5! Mtu ambaye kila siku nawahubiria vijana kazini wasome kosa kabla ya kugusa programu.

Usiku wa tatu nikaitoa. Nikapiga picha 70 za dakika moja moja, na alfajiri nikavika mdomo wa darubini fulana nyeupe nikapiga zile za kusahihisha giza la pembeni. Nikazirundika. Kilimia kizima, na ukungu wake. Nuru yenyewe imesafiri takriban miaka 440, tangu karibu na zama za Wareno kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Nikamwita Baba, picha imejaa skrini nzima. Akahangaika. Akiona huku, kule kumepotea. Nikaipunguza hadi robo ya skrini, nikaisogeza mbali kidogo. Akatulia.

"Sasa kimeingia," akasema. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipofika nane akacheka, akaanza tena.

Kumbe na yeye alihitaji kipunguza fokasi. Vitu viwe vidogo kidogo, ili vyote viingie.

Haya, ninaomba jambo moja. Presha ya macho hufuata ukoo, na mwanzoni haiumi wala haijitangazi. Wapelekeni wazee wenu wakapimwe, nanyi mpimwe. Mimi zamu yangu ni Alhamisi. Tuonane.