Siku Moja Thelujini
Watoto walipotuuliza mbona wenzao wanakwenda milimani kucheza skii, tulitazamana tukanyamaza. Baba yao alikuwa amepunguziwa kazi, na nyumbani hatukuzungumza tena ila habari za fedha.

Jumamosi tukatoka Hannover alfajiri kwa tiketi moja ya siku ya watu watano: garimoshi hadi Bad Harzburg, kisha basi hadi Torfhaus, yapata mita 800 juu. Kibao cha kutelezea thelujini tuliazima kwa jirani. Chai, maandazi na soksi kavu tulibeba.

Baba yao aliteremka mlima na watoto mgongoni, akicheka kama zamani. Akina mama wenzetu, hapo tulielewa: walichokikosa wanetu si skii, ni baba yao.