Mkasi wa Babu

Ndugu msomaji, nyumbani kwetu hatukuiita bastola. Tuliiita mkasi. Lilikuwa jina la siri, ili mtoto akiropoka mbele ya wageni kwamba Babu anafuta mkasi, wageni wadhani ni mkasi kweli, wa kukatia nguo. Na jina lenyewe halikutoka hewani. Ukibonyeza kidude fulani cha pembeni, karibu na dole gumba, bastola ile ilijikunja katikati kama mkasi unaofunguka, mtutu ukaangalia chini, na vile vyumba sita vya risasi vikabaki vinakutumbulia macho.

Nilikuwa na miaka sita au saba nilipoishika mara ya kwanza. Nilitumia mikono yote miwili na bado ilinishinda, maana chuma kile kilikuwa na uzito wa kilo moja na ushei. Ubavuni ilipigwa chapa ya Webley, Mark VI, na mwaka 1917. Chini ya mpini palikuwa na pete ya kufungia kamba, ili mwenyewe akianguka matopeni asiipoteze. Kila Jumamosi jioni Babu alifunga mlango wa mbele, akatandika gunia, akaitoa kwenye sanduku la bati na kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Kazi yangu ilikuwa kushika chupa. Babu alifariki mwaka 2009, mimi nikiwa na miaka kumi, na hadi leo nikipita kwa fundi cherehani pale mtaani kwetu Temeke, naikuta harufu ile na kusimama kidogo. Fundi anadhani nataka kupunguza suruali.

Kwetu ni Iringa. Mtoto wa Kihehe hasimuliwi sungura na fisi peke yao. Anasimuliwa Lugalo, Agosti 1891, jinsi Wahehe wa Mkwawa walivyouvizia msafara wa Wajerumani, wakamuua kamanda wao Zelewski na kuteka bunduki zipatazo 300. Anapelekwa Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Anaambiwa kuwa mwaka 1898, alipoona adui wamemfikia, Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe kuliko kukamatwa. Hapo msimuliaji hunyamaza kidogo, na wewe mtoto unatakiwa kifua kikujae.

Babu naye alikuwa na Lugalo yake. Alikuwa askari wa Keya, akapelekwa Burma, au Bama kama alivyoita mwenyewe, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 waliwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, mvua isiyokatika, matope ya magotini, malaria, hadi Desemba walipofika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin. Hadithi ya mkasi ilikuwa humo humo. Kuna luteni wa Kiingereza alijeruhiwa, Babu akambeba mgongoni, na luteni kabla ya kukata roho akamwachia bastola yake. Siku nyingine luteni hakufa. Siku nyingine hapakuwa na luteni kabisa, bastola iliokotwa tu matopeni. Sisi wajukuu hatukujali. Tulichagua luteni anayekufa.

Sasa chukua mtoto wa namna hiyo umpe vitabu. Baba mdogo wangu alikuwa na boksi la riwaya zilizochanika majalada, akina Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na mimi nilizisoma zote kabla sijafika kidato cha pili. Kila shujaa alikuwa na bastola. Mimi bastola ninayo, iko sandukuni kwa Bibi! Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakawa yale ambayo hayasomwi kwa sauti, nikatangaza kijiweni kwamba mimi ni mwandishi. Nikanunua daftari kubwa la kaunta, nikaanza riwaya. Shujaa ni mjukuu wa askari wa Keya, mkononi ana Webley ya babu yake, majambazi wako sita na risasi ziko sita. Hesabu ilikaa vizuri mno.

Nilikuwa nimefika sura ya nne, mwaka 2022, Baba Mkubwa aliponipigia simu nipande basi niende Iringa. Kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, serikali ilikuwa imetangaza msamaha: kwa miezi miwili, anayemiliki silaha bila kibali aisalimishe kwa hiari yake, hataulizwa kitu. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 ni kali, na kifungo chake si cha kutania. Mkasi wetu haukuwa na kibali wala haujawahi kuwa nacho. La pili, kuna jamaa wa mjini, anajiita mfanyabiashara wa mbao, alikuwa tayari kutoa milioni moja na nusu, haulizi karatasi. Bati za nyumba ya Bibi zilikuwa zimekwisha, usiku wa mvua unahamisha kitanda.

Basi tukakaa kikao, wanaume na shangazi zangu wawili. Baba Mkubwa alitaka kuuza. Shangazi mkubwa alitaka ipelekwe polisi kesho asubuhi, yeye hatalala nyumba moja na jela. Mimi nikasimama. Nilisema maneno makubwa, ndugu msomaji, hata sasa nikiyakumbuka naona haya. Nikasema urithi. Nikasema historia ya ukoo. Nikasema watu wasio na kumbukumbu ni kama mti usio na mizizi, maneno niliyoyatoa sijui wapi. Nikapendekeza tuizike shambani ndani ya plastiki mpaka msamaha upite. Baba Mkubwa akaniuliza kama nimevuta. Bibi alikuwa anachambua maharage, hakusema neno.

Usiku aliniita jikoni. Bibi yangu ana miaka kama tisini na bado hapendi jiko la gesi, anasema chakula chake hakina moshi. Ananiita mume wangu, kama mabibi wote.

"Mume wangu, kaa hapo. Unalilia chuma ambacho hata Bama hakikufika."

Nikadhani uzee. Akacheka, akanieleza. Bama Babu alikwenda, hilo ni kweli, na nishani yake ipo. Lakini alirudi na blanketi, koti na malaria. Bastola aliipata miaka mingi baadaye, baada ya Uhuru, kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la tumbaku alikokuwa mnyapara. Mgiriki alipokuwa anafunga virago alimwachia baiskeli na ile bastola, sehemu ya mshahara aliokuwa anamdai.

"Sasa luteni?"

"Nyinyi watoto mlimuuliza, bastola hii ulipewa na nani? Akaona Mgiriki hana utamu."

Hapo nilitaka kucheka, maana na mimi ndiyo kazi niliyoichagua hiyo. Lakini yeye alikuwa ameacha kucheka. Akauchokoa moto. Akaniambia kuwa Bama yenyewe Babu hakuwahi kuisimulia. Luteni alisimuliwa, lakini kuna mambo mengine ambayo yalikuwa yanakuja mvua ikinyesha. Mvua kubwa ikipiga bati, Babu hakulala. Alikaa kitandani anasikiliza. Wakati mwingine aliita majina ya watu ambao Bibi hakuwajua, akiwaambia wasilale chini, watazama.

Halafu ikaja Krismasi ya 1971. Kila mtu wa Iringa mwenye umri anaikumbuka siku ile, Mkuu wa Mkoa, Dokta Kleruu, alipopigwa risasi kule Isimani na mkulima, Saidi Mwamwindi. Mkoa mzima ulishikwa na woga. Bibi akamsihi mumewe akaitupe bastola mtoni. Babu akakataa. Aliihamisha kutoka darini akaiweka chini ya godoro, upande wake.

"Ilikuwa masika yale yale," Bibi akasema. "Mvua ya usiku kucha. Naamka, hayupo. Nikamkuta amekaa kizingitini, mlango wazi, maji yanamrukia miguuni. Na kile chuma amekiweka hapa."

Akajigusa chini ya sikio kwa kidole kimoja, kidole chenye masizi.

Nikamuuliza alifanya nini. Alipiga kelele?

"Nipige kelele ashtuke? Nikakaa karibu naye. Nikamuuliza, mbuzi umewafungia? Akakaa kimya muda mrefu. Nikauliza tena, baba Yohana, mbuzi umewafungia? Akasema, yule mweusi hakurudi. Nikamwambia basi kesho tukamtafute. Akanipa mkononi, kama mtu anavyokupa kikombe akishamaliza chai."

Asubuhi Babu alipokwenda kumtafuta mbuzi, Bibi aliifunga bastola kwenye kanga, akaitia kapuni chini ya maharage, akatembea hadi mjini kwa fundi baiskeli mmoja aliyekuwa ndugu wa mama yake. Ile nyundo ya nyuma, inayoangukia risasi ukifyatua, ina ncha kama msumari mfupi. Fundi aliisaga ncha ile kwa tupa mpaka ikawa bapa. Risasi zilizokuwamo, nne, Bibi alizitupa chooni. Jioni mkasi ulikuwa umerudi chini ya godoro.

"Babu alijua?"

"Mtu anafuta bunduki kila Jumamosi, hatajua?"

"Alisema nini?"

"Hakusema. Jumamosi ile aliifungua, akaitazama, akainitazamisha na mimi. Akaomba mafuta ya cherehani. Nikampa."

Na toka Jumamosi ile hadi alipokufa, ndugu msomaji, kwa miaka 37, mzee yule alikuwa anafuta na kupaka mafuta bastola isiyoweza kufyatua, mkewe amekaa hatua tatu kutoka pale anashona, na mimi nimeshika chupa katikati yao, nikidhani kinachotunzwa ni Bama.

Watani zetu Wangoni wana mzaha wao, kwamba Mhehe ukimuudhi kidogo tu anaulizia kamba iko wapi. Nimecheka mzaha ule toka utoto, na nimeusimulia mwenyewe kijiweni, watu wakaanguka. Usiku ule pale jikoni nilijaribu kukumbuka unachekesha wapi, nikashindwa. Bibi naye, kana kwamba amenisoma, akasema, "Ile ya Mkwawa mnaisimulia vizuri sana nyinyi wanaume. Mimi sijaipenda hata siku moja."

Kesho yake hapakuwa na kikao. Bibi alivaa kanga mpya, akasema anakwenda polisi mwenyewe na chuma chake, anayetaka kumsindikiza amsindikize. Tulikwenda watatu, yeye, Baba Mkubwa na mimi. Askari wa zamu alikuwa kijana, pengine rika langu. Akaufungua mkasi, akatazama ndani ya mtutu, akaufunga, akaigeuza geuza nyundo kwenye mwanga wa dirisha.

"Bibi, hii mbona haiui hata panya?"

"Najua," Bibi akasema.

Baba Mkubwa akamgeukia mama yake. Nilimwona anataka kuuliza, mdomo ukafunguka, ukafunga. Sijui kama alikuwa anawaza habari za baba yake au alikuwa anapiga hesabu kwamba nusura amuuzie yule jamaa wa mbao chuma kibovu kwa milioni moja na nusu. Watu wasiouliza karatasi hawarudishi mali dukani, bwana. Bibi alitia dole gumba kitabuni, akajipangusa wino kwenye pindo la kanga, tukaondoka. Njiani alitaka soda. Bati tulibadilisha mwaka uliofuata, tulichanga.

Riwaya yangu ilisimama pale pale sura ya nne. Majambazi sita bado wako ghorofani wanasubiri, na shujaa yuko ngazini ameshika bastola ambayo mimi mwenyewe siiamini tena. Nimejaribu kuiandika ile nyingine, ya kizingitini. Nimeianza mara tano. Tatizo ni kwamba ukiiweka kwenye karatasi hakuna kinachotokea: mtu anauliza habari za mbuzi, mwingine anakaa kimya, halafu anajibu. Joram Kiango angelala usingizi. Rafiki yangu mmoja anayejua mambo ya uandishi aliisoma akasema niongeze mlio wa risasi, hata mmoja tu, wa kukosa. Nikamwambia nitafikiria. Sijafikiria.

Siku ile tuliporudi kutoka polisi, sanduku la bati lilikuwa limebaki wazi, ndani kuna nishani, chupa ya mafuta nusu, na kile kitambaa. Chupa Bibi alisema anaitaka, milango inalia. Kitambaa nilikiomba mimi. Akanitazama, akasema sawa, lakini nikifue kwanza, kina uchafu wa miaka mingi.

Sijakifua.