Kunawiri na Kukonda

Kila mwaka, tufikapo katika somo la wasifu, huwataka wanafunzi wetu wa hapa Gatete waeleze sura ya mtu wampendaye. Zoezi hili twalipenda kuliko mengine, maana msamiati wa Kiswahili juu ya mwili wa mwanadamu ni mpana, tena una heshima. Yuko mweusi tii, yuko maji ya kunde, yuko pande la mtu, yuko aliyenawiri. Maji ya kunde hayakutoka katika kitabu chochote. Yametoka jikoni, katika chungu kinachochemka, na aliyeitwa hivyo alijua kuwa amesifiwa.

Siku hizi wasichana wa miaka 14 na 15 huandika "mweupe" na "mwembamba", basi. Ukiuliza ni nani huyo, mara nyingi si shangazi wala jirani, bali ni mwimbaji aliyeonekana katika simu. Rumonge yetu ni nchi ya ngazi na mawese, kando ya Ziwa Tanganyika. Lakini simu moja ya kaka hutazamwa na nyumba nzima, na picha zatufikia kutoka Bujumbura, Dar es Salaam, Lagos na Marekani, nyingi zikiwa zimekwisha kung'arishwa ngozi na kupunguzwa kiuno kwa programu. Msichana hujilinganisha na sura ambayo hata mwenye picha hana.

Mmoja, hodari wa insha, aliandika juu yake mwenyewe: "Mimi ni mbaya kwa sababu ni mweusi na nimenenepa." Hatukuona kosa la sarufi la kusahihisha. Muda si muda uso wake ukaanza kuwa mwekundu, vifundo vya vidole vikabaki na rangi yake ya asili. Tulipokwenda nyumbani kwao, mama yake alitukaribisha vizuri, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nitamkataza vipi, na kopo ni langu?"

Lugha yenyewe haikuficha jambo hili. Mkorogo ni kitu kilichokorogwa, na mara nyingi ndani yake mna haidrokwinoni au zebaki, ambayo huharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unakataza vipodozi vilivyotiwa zebaki. Kujichubua nako ni kujitoa ngozi. Hakuna aliyeyapamba maneno hayo.

La unene ni gumu zaidi. Mama zetu walipoambiwa "umenawiri" walishukuru. "Umekonda" lilikuwa neno la kuulizana habari za ugonjwa au msiba. Wafiji nao waliuona mwili mnene kuwa dalili ya kutunzwa na jamaa. Mtafiti Anne Becker aliwachunguza wasichana wa shule wa Nadroga, huko Fiji, mwaka 1995, televisheni ikiwa ndiyo kwanza imefika, na akachunguza tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema kuwa hujitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa zaidi ya 11 katika kila 100. Miaka mitatu tu, tena kwa televisheni, ambayo haiingii mfukoni!

Wako wenzetu wasemao kuwa kazi ya mwalimu wa lugha ni ngeli na nyakati, na mambo ya ngozi tuwaachie waganga. Hatukubaliani nao. Neno "mbaya" liliandikwa katika daftari letu, si zahanatini.

Muhula uliopita tuliwasimulia habari za Sulwe, kitabu cha watoto alichokitoa Lupita Nyong'o mwaka 2019, juu ya msichana mweusi kuliko wote wa nyumbani kwao. Jina hilo kwa Kijaluo maana yake ni nyota. Kisha tukaandika ubaoni "kunawiri", tukawaomba walitafutie neno la Kirundi. Yule hodari wa insha alitaja moja, jirani yake akalipinga, darasa zima likaingia, wakabishana mpaka kengele ikalia.